Gurudumu Lenye Mkia

Saa moja asubuhi, Fundi Spoki anafumba macho ndipo anazungusha gurudumu. Amefunga kijiti cha kiberiti kwenye uma wa baiskeli, karibu na ringi. Kijiti kinakwaruza pale ringi linapokigusa, kwaru, kwaru. Anakaza spoki moja nusu mzunguko, anategea tena sikio.

Kwa miaka ishirini na miwili kazi hii aliifanya kwa macho: unazungusha, unatazama ringi linapoyumba, unalirudisha. Magurudumu kumi kwa siku. Siku hizi akimaliza manne anashukuru.

Mwaka juzi alimzika mama yake, akalala miezi mitano anatazama ukuta. Hospitali ikampa vidonge vya sonona. Mwezi wa pili wa vidonge akacheka, mkewe akadondosha sufuria kwa mshangao.

Lakini kila kilichopita mbele yake kikaanza kuacha mkia, taswira yake ikibaki nyuma: mkono, ndege, gurudumu.

Siku moja muuza maziwa alileta pancha tu, ringi likiwa zima. Fundi akazungusha, akaona ringi linayumba, akalinyoosha. Kesho yake jamaa akarudi anaisukuma baiskeli.

"Fundi, nilikuletea pancha, umenirudishia yai!"

"Nilicheka naye," anasema fundi. "Alipoondoka nikaingia ndani nikalia."

Akaacha vidonge kimyakimya. Wiki tatu zilipopita mikia ilikuwa imepungua, lakini yeye alikuwa ameshageukia ukuta tena.

Mkewe alivikuta vidonge mfukoni mwa koti. "Baba watoto, bora wewe uone mikia, mimi nione uso wako," alimwambia. "Ukuta tumeshautazama vya kutosha."

Wakarudi kwa daktari wote wawili. Aliwaeleza kwamba hali hiyo huwapata wachache wanaomeza dawa hizo, na kwamba haziachwi ghafla. Sasa anapunguziwa pole pole huku akianzishiwa nyingine. Kupona macho hakuahidiwa.

Nyuma ya fundi, kwenye msumari, inaning'inia baiskeli nyeusi yenye keria. Ndiyo aliyompakia mkewe siku ya kumleta nyumbani. Gurudumu la mbele limepinda tangu mwaka ule wa msiba.

"Kijiti si hicho hapo? Linyooshe, unipeleke sokoni," mkewe anamchokoza, huku akimwekea chai.

Fundi anafumbua macho, anaitazama baiskeli iliyotulia.

"Hilo hapana, mama watoto. La watu nitalisikiliza. Hilo nataka nilione likizunguka, lisiache kitu nyuma. Ndipo utapanda."