Tulivyoanzisha bendi ya rock Arua, na wimbo uliomkalisha eda mama wa mwenzetu

Wakuu, habari za Jumapili.

Juzi humu kijana mmoja kaandika kwamba rock haijawahi kuwa muziki wa Mwafrika, eti ni kelele za wazungu wenye nywele ndefu. Watu wakamshangilia. Nikafunga simu nikaenda kumwagilia mchicha wangu, lakini bado inaniuma.

Sasa nasema. Mimi nilipiga gitaa la bezi kwenye bendi ya rock, Arua, Uganda, wengi wenu mkiwa hamjazaliwa. Haya niliyaona kwa macho haya haya. Asiyetaka kuamini apite, njia ni pana.

Kiswahili changu nimekinyooshea hapa Mwanza, nilikohamia miaka ya tisini. Kwetu West Nile Kiswahili ni cha jeshini na sokoni, kwa hiyo watu wakiongea humu chini msije mkanisahihisha. Ndivyo walivyosema.

Tuanze.

Mwaka 1979 vita vya Tanzania na Uganda vilipofika kwetu, watu walikimbia. Wenye ndugu jeshini walikimbia zaidi, na kwetu nani hakuwa na ndugu jeshini? Wengine Zaire, wengine Sudan. Mimi niliangukia Sudan, kambini, na ndiko nilikowajua wenzangu wawili.

Wa kwanza Candia, mtoto wa Ediofe, pale Arua kwenye kanisa kuu la Wakatoliki. Mdomo mwingi, vidole vyepesi.

Wa pili Yuma, kabila lake Mkakwa, wa Koboko, mji wa mpakani, Mwislamu, mpole mpaka anaudhi. Baba yake alikuwa sajini, anaitwa Lomoro. Siku ya kukimbia alimpandisha mkewe na mwanawe huyo wa pekee kwenye lori, akawaambia, "Vukeni. Mimi nakuja nyuma."

Hakuja.

Kila lori lililoingia kambini, Mama Yuma alikwenda kuwatazama wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka lori linabaki tupu. Kisha anarudi kupika. Hatukuwahi kumsikia akilia.

Rock tuliipata hapo hapo kambini. Kulikuwa na kijana wa kizungu aliyekuja kutengeneza pampu za maji, ana redio kaseti na kaseti za magitaa yanayokoroma. Sisi tulilelewa na rumba, gitaa linalobembeleza. Lile halikumbembeleza mtu. Candia alisikiliza kaseti nzima, akasema, "Hii mutu nakasirika kama sisi."

Tukanasa.

Tulirudi nyumbani miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Nyumba nyingi zilikuwa kuta tu na majani. Candia akapata gitaa kutoka Zaire, kazi ya fundi mbao. Bezi langu nyuzi zake zilikuwa waya za breki za baiskeli, na vidole vilitoka damu kweli, msinicheke. Umeme ulikuwa wa betri ya gari. Spika yetu moja ilipasuka, ikawa kila tunachopiga kinatoka kimekwaruzika. Fundi redio alitaka kuitengeneza, Candia nusura ampige. Sauti ile mbovu ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

Mwimbaji alikuwa Yuma. Mpiga ngoma alibadilika kila baada ya ugomvi, simtaji.

Shoo ya kwanza tulipiga ukumbini, Ediofe. Watu walingoja sehemu ya kucheza, haikuja. Mzee mmoja akasimama katikati ya wimbo.

"Hii gitaa yenu iko na ugonjwa gani? Peleka hospitali!"

Ukumbi ukacheka, kisha ukaondoka. Yuma alitaka tuache siku ile ile.

Kilichotuokoa ni matanga, wakuu. Ndiyo, msiba.

Kwetu matanga ni ngoma. Watu wanalia, wanacheza, wanakula, siku kadhaa. Na miaka ile kulikuwa na matanga ya ajabu, ya watu waliofia ukimbizini au waliopotea, hakuna maiti wala kaburi. Familia inarudi, ukoo unakaa, unakubali kwamba fulani ndiyo basi tena, hapo ndipo msiba unaanza. Jamaa mmoja aliwafanyia kaka zake matanga ya namna hiyo. Bendi ya rumba aliyoiita haikutokea, tukaitwa sisi tuzibe pengo.

Tukaanza kupiga, wanawake wakaanza kulia, na sijui nielezeje, lile gitaa lililokwaruzika likaingia ndani ya kilio likakaa. Hakuna aliyeuliza habari ya ugonjwa.

Halafu Yuma, yule mpole, akafanya jambo ambalo hatukulipanga. Akaanza kuita majina ya marehemu kama sajini anavyoita askari asubuhi wamejipanga mstari. Mtoto yeyote aliyewahi kuishi kota za jeshi anaijua hiyo. Akaita jina la kaka mkubwa, akanyamaza, sisi tunaendelea kupiga.

Watu wakajibu wenyewe, bila kufundishwa, yaani hayupo: "Hapana iko!"

Akaita la pili.

"Hapana iko!"



Tukauita wimbo Majina, na wimbo huo ndio uliotupandisha. Tuliitwa vijijini, tukaitwa Koboko, tukaitwa mpaka upande wa Zaire. Vijana waliotucheka Ediofe wakaanza kuchana suruali zao magotini kama za Candia. Hata kwenye shoo za kawaida watu walikuja na majina ya ndugu zao, wanamnong'oneza Yuma sikioni kabla hatujapanda, naye hakusahau hata moja. Tulikuwa maarufu, na kila aliyetushangilia alikuwa analia. Sijui kama kuna bendi nyingine imewahi kupanda kwa njia hiyo, na sitamani iwepo.

Jina moja tu Yuma hakuwahi kuliita. La baba yake.

Maana Mama Yuma alikuwa hajakubali. Alirudi Koboko, akawa anauza samaki wakavu sokoni. Waislamu humu wanajua, mke akifiwa anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Yeye hakukaa. Masheikh walimwendea mara nyingi, mama, miaka imepita, kaa eda upumzike. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Mutu nani naona yeye nakufa? Mimi nakaa eda ya nani?"

Ndipo ikaja ile shoo ya Arua. Jamaa mwenye kibanda cha kaseti alikuja kuturekodi. Kabla ya kupanda, Candia akamgeukia Yuma mbele yetu sote.

"Wewe nalia baba ya kila mutu. Yako iko wapi?"

Yuma akapanda stejini, akaimba kama kawaida. Lakini Majina ilipofika mwisho, nikidhani tunafunga, akaita, "Sajini Lomoro!"

"Hapana iko!"

Akalia pale pale stejini, machozi ya mtoto. Nami, Mungu ananiona, nilifurahi. Nilijua ametua mzigo.

Kumbe kwa ukoo wao jina haliitwi kwenye kilio kabla ukoo haujakaa. Na mtoto wa kwanza wa kiume akiliita jina la baba yake mbele za watu, inahesabika ukoo umekwisha kukaa. Candia wa Ediofe angelijuaje hilo? Mimi je? Yuma mwenyewe alikulia kambini, mama na mwana, hakuna mwanaume wa ukoo aliyekuwepo kumfundisha. Jambo ambalo kila mzee wa kwao analijua, yeye halikumfikia.

Kaseti ilifika Koboko kabla yetu. Ikapigwa sokoni, siku ambayo Mama Yuma hakwenda kuuza.

Tulipomsindikiza Yuma kwao, tulikuta ndala zimejaa mlangoni. Wanawake wa sokoni walikuwa wamekuja na mikeka, sukari na kilio chao. Mama Yuma amekaa katikati yao, macho makavu. Hakumsalimia mwanawe.

"Nani nasema bwana yangu nakufa?"

Yuma akapiga magoti mbele yake.

"Mimi nauliza wewe, Yuma. Naona mwili yake? Naona kaburi?"

Wakuu, fikirieni hapo. Akisema alikosea, wanawake wote wale wamemlilia mtu aliye hai, na kwao huo ni mkosi mkubwa. Akisema ndiyo, anamzika baba yake kwa mdomo wake. 

Aliyejibu ni shangazi yake, dada wa sajini. Naye alikuwa amechoka kungoja, ilionekana usoni. Akasema polepole, "Muke ya ndugu yangu, mutoto nakwisha ita. Maneno nakwisha."

Wakamvisha nguo nyeupe. Mama Yuma akakaa eda.

Toka siku ile Yuma akakataa kuimba Majina. Na watu hawakutaka kingine. Tulipiga nyimbo nyingine, wakatuzomea. Candia akajaribu kuuimba yeye, wakamrushia maganda ya miwa. Candia akamwambia Yuma anatuua. Yuma akasema yeye ameshaua, inatosha. Ile miezi ilikuwa mibaya, nikiikumbuka natamani kukaa peke yangu.

Eda ikaisha. Tukaitwa kupiga Koboko, uwanja wa mpira, mchana. Umati wa namna ile sikuwahi kuuona kwetu. Wakaanza kudai, Majina, Majina. Yuma ameinamisha kichwa.

Nikaona umati unapasuka. Mama Yuma anakuja mbele, watu wanampisha kwa heshima. Akasimama chini ya steji.

"Wewe nakalisha mimi chini na hii wimbo," akamwambia mwanawe. "Mimi hapana sikia bado. Leo imba. Mimi nasikia."

Ni kweli. Alikaa eda yote kwa wimbo ambao hajawahi kuusikia.

Yuma akaimba. Sijawahi kupiga bezi kwa woga kama siku ile. Majina yakapita, watu wakajibu, uwanja mzima. Mwisho akafika, sauti imekauka.

"Sajini Lomoro."

Uwanja ukajibu, "Hapana iko!"

Nyuma ya sauti zao ikatoka moja, ya mwanamke, imechelewa kidogo:

"Iko!"

Candia akaacha kupiga. Mimi nikaacha. Mama Yuma akageuka akatembea kurudi sokoni kwake, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Yuma akaweka maikrofoni chini, akashuka, akamfuata kwa mbali. Hiyo ndiyo shoo yetu ya mwisho.

Candia alikwenda Kampala na gitaa lake, ugonjwa wa miaka ile ukamchukua huko. Yuma ni dereva wa lori njia ya Sudan, hapigi hata mluzi. Mimi ndiyo huyu mnayemsoma.

Nilichojifunza? Huzuni ya nyumba si ya mtu mmoja. Kabla hujaitoa nje, uliza waliobaki ndani kama wako tayari. Ukitoka na uchungu wako unaweza ukawa umebeba na tumaini la mwenzio, na hilo halirudishiki.

Karibuni mchangie. Mnaobishana habari za rock, bishaneni, ruksa.

Lakini nina ombi, na kusema kweli ndilo lililonifanya niandike. Wazee wa baadhi yenu walikuwa askari, na mwaka ule walifika mpaka kwetu. Mimi sina kinyongo, nimekula ugali wenu miaka yote hii. Ukiwa na mzee wa namna hiyo nyumbani, muulize kwa upole. Sajini mrefu, Mkakwa, jino la mbele limevunjika, anatumia mkono wa kushoto. Alibaki Koboko akivusha watu.

Hatutafuti kesi. Mama Yuma bado yupo, macho hayaoni vizuri, lakini akili ni nzima. Nikimpigia simu ananiuliza kama huku Tanzania kuna mtu amesema chochote. Mkipata habari mbaya, andikeni hivyo hivyo. Ameniambia habari mbaya ataiweza, kinachomchosha ni kutojua.