Mawese Mgongoni

Ulimi wangu ndio ulionikosesha Zaina. Miaka ya hamsini nilikuwa karani kijana hapa Kisangani, na kila mvua za Machi zilipotuliza vumbi nilipanda vilima kwa baiskeli, kisha nikajisifu wiki nzima. Baba yake Zaina, Papa Ramazani, akachoka kunisikia.

"Alors, karani, enda Bengamisa na urudi leo leo. Ukifika kwa nguvu ya miguu yako, tutaongea mambo ya ndoa."

Kwenda Bengamisa, karibu kilomita hamsini, niliweza. Kurudi, kilima cha kwanza tu kilinimaliza. Nikasimamisha lori la mawese, nikapakia baiskeli, nikajilaza kati ya mapipa nisionekane. Karibu na mji nikashuka, nikajimwagia maji usoni yafanane na jasho.

Nilipoingia uani kwao, Zaina alitabasamu na wajomba zake wakapiga makofi. Mjinga mimi, nikageuka kuegemeza baiskeli ukutani. Makofi yakakoma.

Papa Ramazani alitazama mgongo wa shati langu jeupe, uliolowa mafuta mekundu.

"Karani," akasema taratibu, "baiskeli yako iko inakunywa mawese?"

Wajomba walicheka. Zaina aliingia ndani akafunga mlango.