Chupa Nne za Mto

Kwa miezi sita yule msusi alisomea utunzaji wa mito kwa simu, kwenye kozi ya vijana wasiozidi miaka ishirini na mitano, naye kufikia mtihani wa mwisho alikuwa amebakiza wiki mbili atimize ishirini na sita. Wateja wa saluni walimwita Daktari wa Mto. "Daktari, mgonjwa wako kaamkaje?" Walicheka, naye akacheka nao, kichwa cha mteja mikononi na mwalimu sikioni. Ningekuwa mimi, ningewaacha na nusu kichwa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa chupa nne za jemu. Kila Jumapili, mwezi mzima, aliingia mtoni chini ya kiwanda cha ngozi, akageuza mawe, akakamata wadudu wanaojificha hapo na kuwatia kwenye spiriti wasioze, kila chupa ikibandikwa karatasi ya tarehe yake. Wingi wao na aina zao ndizo zinazosema mto ni mzima au unakufa. Jumatatu saa nne angewahesabu mbele ya kamera, mwalimu akishuhudia.

Saa nne kasorobo alitoka kuoga, akakuta chupa zimepangwa mezani juu ya kitambaa cha wageni, zinang'aa. Ndani mlikuwa na maji matupu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekusafishia, mwanangu. Uwaonyeshe walimu wa watu uchafu ule, na midudu imekufa? Nimekuwekea maji ya kuchemsha, nikayachuja mara mbili. Karatasi zako sijazigusa."

Kweli, tarehe zote nne zilikuwa mahali pake.

Alitaka kupiga kelele. Angemgombeza vipi mtu aliyemtandikia kitambaa cha wageni?

Simu ikaita. Alimweleza mwalimu ukweli wote. Mwalimu alisikitika, tena sana, lakini utaratibu haukuwa wake: bila wadudu hakuna cheti, na kozi nyingine ni mwakani.

"Mwakani utakuwa na miaka mingapi?"

Alimtajia. Mwalimu akamwambia pole.

Mama alikuwa amesimama nje ya mlango muda wote, asije akavuruga masomo. "Wamesemaje?"

"Wamesema maji ni safi, mama."

"Si nilikwambia!" Mama akazibeba chupa mbili mbili, akazipanga kwenye kabati la vioo, tarehe zikitazama mbele, ili kila anayeingia azione.