Mivumu ya Kwetu Kwenye Ramani

Wakati wa vita nilikuwa nachora ramani katika ofisi moja, biro ya ramani pale Bujumbura. Asubuhi moja shefu wetu akashuka na gari lake kutoka Kiriri, mtaa wa wakubwa kule mlimani, akanipa kazi: kuonyesha mahali pa kusimamisha mitambo ya umeme wa upepo, kusini, kando ya ziwa. Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika: pori, hakuna watu.

Pori gani? Kule ni kwetu! Watu walikuwa kambini, wamekimbia risasi, mama yangu akiwa mmoja wao. Lakini mivumu, ile miti tunayopanda kuzunguka kila lupango, yaani ua wa nyumba, ilibaki imesimama. Kwenye karatasi yake shefu aliitia alama mmoja mmoja: ikatwe, inazuia upepo.

“Shefu, penye kuna muvumu kuna nyumba ya mutu,” nikamwambia.

“Uliona moshi? Chora.”

Nani angepika chini ya mabomu? Na bado nikachora. Mti wa nne ulikuwa wa mlangoni kwetu. Baba aliupanda mwaka aliomuoa mama. Nikaupiga msalaba wa kukatwa kwa mkono wangu mwenyewe, na shefu akanisifu kwamba mistari yangu imenyooka.