Nywele Alizomrushia Mama Yangu

Lynnette alimrushia mama yangu bonge la nywele miguuni, akamwambia, "Nirudishie kichwa changu."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, uani kwetu Mtopanga. Mama alikuwa anachambua mchicha. Wapangaji wote walikuwa wametoka kusikiliza.

Lynnette alihamia chumba cha mwisho akitokea Kitale, akafanya kazi kiwandani Changamwe. Alikuja na nywele nzito za kujivunia. Haukupita muda, kichwa kikaanza kumwasha. Kisha nywele zikakatika, zikaacha viraka.

Kwanza alilaumu kisima chetu. Hapo sikumpinga sana. Maji yetu ni ya chumvi, na chumvi hukausha nywele. Lakini haichagui upande mmoja wa kichwa ikauacha mwingine.

Halafu akamwona mama akiokota nywele bafuni na kuzifukia chini ya mkomamanga.

Ni ada ya zamani. Nywele haziachwi zikakanyagwa, hata ziwe za nani. Lynnette hakuuliza. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwamba Bi Fatma anazika nywele za wapangaji.

Kwa msiojua: huku Pwani, mwanamke mzee akishaitwa mchawi, hilo si tusi tena. Wako wazee waliokatwa mapanga kwa maneno mepesi kuliko hayo.

"Unazizikia nini? Si useme mbele ya watu!" Lynnette alifoka.

"Nazisitiri, mwanangu. Hata zangu zimo humo humo."

"Zako? Kwani una nywele wewe? Huo mtandio huuvui hata jua likichoma. Maji yenu yamekumaliza na wewe, ama unaficha nini?"

Kefa wa chumba cha pili akacheka.

Mama akaweka kisu chini. "Kefa, baba, hebu toka nje. Wanaume wote tokeni."

Wakatoka. Mama akavua mtandio.

Nywele zikateremka mpaka kiunoni, nyeupe pe. Zimeoshwa kwa maji ya kisima kile tangu alipoletwa nyumba hii bi harusi.

"Haya," mama akasema. "Tazama vizuri, kisha rudia ulivyosema."

Lynnette akainama kuokota bonge lake.

Mimi nilikuwa natazama kichwa cha Lynnette. Nafundisha baiolojia. Kiraka kilikuwa cha mviringo, kina magamba, na nywele zimekatikia karibu na ngozi.

"Kazini mnavaa helmeti?" nikamuuliza.

"Sasa hiyo inahusu nini?"

"Ni yako peke yako?"

"Ni za shifti. Unachukua unayoikuta."

"Basi hayo ni mapunye."

"Mapunye ni ya watoto! Usinifanye mshamba, mwalimu."

Nilimpeleka zahanati mwenyewe. Si kwa huruma; nilitaka daktari atamke mbele yangu. Akatamka: mapunye. Akampa cheti na vidonge vya fangasi vya wiki kadhaa, akamwambia atafute helmeti yake mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo Lynnette akahama bila kuaga. Kefa naye akafuata.

Mwezi uliopita picha ya Lynnette ilitokea kwenye kundi lile. Nywele zimerudi, fupi, nyeusi, nzuri. Chini yake ameandika: "Nilitoka kwa yule mama, zikaota. Mungu hashindwi."

Vidonge hakuvitaja.

Amina zikamiminika. Moja ilitoka kwa jirani ambaye mama alimlea mtoto wake.

Nikashika simu nijibu. Mama akanizuia. "Wacha, Tima. Mungu anajua."

Mungu anajua, ndiyo. Majirani hawajui. Mama hakai tena uani jioni kupunga upepo, na mlango wetu una komeo la pili.

Leo simtii mama. Lynnette, najua unasoma hapa. Cheti cha zahanati unacho, kionyeshe.

Nanyi mnaosoma: jogoo huwika kukapambazuka, lakini si yeye aletaye jua. Ukipona, kabla ya kumtaja mchawi wako, taja kwanza dawa uliyomeza.