Kitabu cha Marehemu Kwenye Simu ya Mama Mkwe

Mke wangu alikuwa kungwi hapa Masumbwe. Binti akikaribia kuolewa aliletwa kwetu, mlango ukafungwa, na mimi nikaambiwa niende zangu karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ninakofanya kazi. Sikuwahi kuuliza walichokuwa wakisema. Nimeishia darasa la saba, na ninayoyajua yananitosha.

Maharusi walipozidi, alianza kuyaandika mafundisho yake kama hadithi, kwenye simu, huku maharage yakichemka. Binti yetu anayesoma chuo Mwanza aliichukua simu hiyo hiyo akakipandisha kitabu kwenye duka la vitabu la mtandaoni, na jalada lenye kanga nyekundu. Kikanunuliwa. Baadaye simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, na mwaka jana mke wangu akaugua, akafariki. Maneno yake yote yakawa yamebaki dukani. Sikuwa nimeyasoma. Nilijua yapo, basi, kama nilivyojua magauni yake yako kabatini.

Halafu binti akanipigia simu.

"Baba, kitabu cha mama kimefutwa. Duka linaondoa vitabu vyote vya mambo ya chumbani. Hata walionunua, wakiwasha data tu kinatoweka."

"Na sisi hatuna nakala?"

"Hatuna, baba. Ila tunaweza kukata rufaa. Kuna fomu, tuna wiki mbili."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, akanitafsiria. Swali la kwanza, mwandishi yuko wapi. Nikamwambia aandike kaburini. Swali la pili, je, kitabu kina maelezo ya wazi ya tendo la ndoa, jibu ndiyo au hapana.

"Andika hapana," binti akasema.

"Mimi sijakisoma. Nitajibuje kitu nisichokijua?"

Nikaanza kutafuta mtu mwenye nakala. Pale karashani habari ilikuwa imeshafika na watu walikuwa wanabishana. Mmoja akasema duka limefanya vizuri, watoto wanashika simu. Mwingine akasema duka hilo hilo linauza hadithi za watu kuchinjana kuanzia mwanzo hadi mwisho, hizo hakuna aliyezigusa. Muuza vipuri, mtu wa ibada sana, akapandisha sauti:

"Uchafu ni uchafu! Hasa sura ya tano, pale kwenye mafuta ya nazi!"

Watu wakamgeukia.

"Kumbe umesoma, mzee?" mchimbaji mmoja akauliza.

"Nimesimuliwa."

"Na mafuta umenunua, au nayo umesimuliwa?"

Nikamfuata pembeni nikamwomba nakala. Akaapa hana. Wanawake ndio kabisa. Niliowauliza wote walisema hawajawahi kukiona, na mmoja akaongeza kwamba mwisho wake ni mzuri mno.

Mwisho nikaambiwa na binti kwamba nakala moja imebaki, kwa sababu mwenye simu hajawahi kununua bando tangu alipowekewa hicho kitabu. Mwenye simu ni mama mkwe wangu, yuko Mhunze.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Hata habari ya malaria huwa tunaizunguka. Sasa niende nikamwombe kitabu cha namna ile! Siku mbili sikula vizuri, ya tatu nikaenda.

"Shikamoo mama," nikasema nikiwa nimeugeukia ukuta.

"Marahaba baba. Najua kilichokuleta. Simu iko kwenye kigoda. Data usiwashe."

Akaenda uani. Mimi nikabaki sebuleni, tumetenganishwa na pazia. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mama ana mtoto wa jicho, na wajukuu walimwekea simu iwe inamsomea kwa sauti. Nikagusa kioo, simu ikasema kama msoma taarifa ya habari: "SURA YA KWANZA. MUME AMERUDI KAZINI."

Nikatafuta pa kupunguza sauti, ikazidi. Nikaifunika kwa mto, ikawa inasoma chini ya mto. Mama uani akaanza kutwanga karanga. Maneno yalipokuwa mazito, alitwanga kwa nguvu, nami nikamshukuru moyoni. Tulipofika sura ya tatu nikagundua jambo. Kinu kilikuwa kinaanza kabla ya maneno mazito kufika. Mama alikuwa amekishika kitabu chote kichwani.

Katikati ya sura ya nne kinu kikanyamaza. Simu ilikuwa inasema: "Mume wa karasha hurudi na vumbi jeupe masikioni. Usimuulize kitu. Mwoshe masikio kwanza, taratibu, kwa maji ya uvuguvugu."

Ninaosha masikio mwenyewe tangu afariki, na siyaoshi vizuri. Nililia, nikafuta uso kwa ule mto. Uani nako nilisikia mtu anapenga kamasi.

Kitabu kilipoisha nikarudi nyumbani, nikajibu fomu: ndiyo. Kwenye nafasi ya maelezo nikamwambia binti aandike kwamba mambo hayo yamo sura ya pili hadi ya saba, ni ya mke na mumewe, mengine yananihusu mimi na ni ya kweli. Duka likajibu baada ya siku tatu. Likanishukuru kwa uwazi na kusema kitabu hakitarudi.

"Baba!" binti akalalamika. "Ungesema hapana, mashine ya duka ingejuaje?"

Labda isingejua. Nikanunua madaftari manne nikarudi Mhunze kukinakili kwa mkono. Nilikuwa nasikiliza sentensi moja, nasimamisha, naandika, naendelea. Mama uani na kinu chake. Tukaenda vizuri hadi sura ya sita, ambapo simu ikasema: "Mume akisinzia katikati ya mambo kwa uchovu, usimwamshe, usimcheke. Mfunike, na usimsimulie mtu yeyote."

Hiyo nayo ilikuwa ya kweli. Tarehe naikumbuka. Na mke wangu alikuwa amemsimulia kila mwenye simu Tanzania nzima. Nikawaza maharusi watakaolisoma daftari, nikawaza muuza vipuri. Sikusimamisha. Nikaiacha simu ipite, nikaanza kuandika sentensi iliyofuata.

Kinu kikanyamaza.

"Baba," mama akasema nyuma ya pazia, "umeruka."

"Samahani, mama."

Nikairudisha nyuma. Sauti ile ya taarifa ya habari ikasoma upya, neno kwa neno, na mama mkwe wangu uani, bila kutwanga, akingoja nimalize kuandika.