Mama Subiri na Diski ya Tatu

Shemeji yangu, mke wa kaka, pale chuoni tunamwita Mama Subiri. Jina kajitafutia mwenyewe. Umwambie lolote, jibu ni "Subiri kwanza." Kaka alimposa mara tatu, na mbili za mwanzo aliambiwa hivyohivyo. Mimi ni mtu wa maktaba, yeye ndiye fundi wa kompyuta, na vyumba vyetu vinapakana, kwa hiyo haya nayasema kwa ushahidi, si kwa umbea. Haya basi, na umbea kidogo.

Kazi yake kubwa ni kuziandaa upya kompyuta za chuo kabla ya mitihani. Ziko arobaini, na kila moja ina diski mbili ndogo. Moja peke yake haifui dafu. Lazima ziunganishwe zihesabike kama diski moja kubwa, ndipo imwagiwe nakala mama, yaani mfumo mzima na programu zake. Zamani aliziunganisha kwa mkono, akiburuta kigoda chake meza hadi meza kwa siku nne. Mwaka huu akaandika skripti, orodha ya amri ambazo kompyuta inazitekeleza yenyewe: futa diski, unganisha, mwaga nakala. Hongera zake! Ila kila baada ya amri kaweka swali: "Una uhakika?" Basi kigoda kikaendelea kuburutwa, naye akijibu maswali aliyojiuliza mwenyewe.

"Shemeji," nikamwambia, "ndiko kujiendesha kwenyewe huko?"

"Wewe panga vitabu vyako."

Mkuu wa chuo yeye hana utani. Alimwita ofisini akamwambia kwamba Alhamisi saa mbili asubuhi anataka kuona kompyuta zote arobaini zikijiandaa bila kuguswa. La sivyo, kazi inapewa kampuni ya nje, naye anahamia mapokezi kupokea simu. Miaka kumi na saba na zile mashine, jamani! Alirudi macho mekundu, na siku hiyo ulimi wangu niliumeza.

Akaanza kuyatoa maswali yake moja moja, kama mtu anayeng'olewa meno. Jumatano nikamkuta kabakiwa na moja.

"Malizia na hilo," nikasema.

"Hili halitoki. Skripti inafuta kila diski inayoiona. Ikiona zaidi ya mbili, lazima iulize."

"Nani atachomeka ya tatu?"

"Shemeji, watu unawajua wewe?"

Alhamisi mkuu alitutangulia. Tulimkuta kwenye kompyuta ya pembeni, miwani puani, anasoma mambo yake. Akainuka, akakunja mikono. Mama Subiri akabonyeza kitufe kimoja tu kwenye mashine yake, na kompyuta zote zikazima, zikawaka, zikaanza kazi. Thelathini na tisa zilienda kama maji. Ile ya pembeni ikagoma, na kwenye kioo yakatokea maandishi: "SUBIRI KWANZA. Naona diski tatu. Ya tatu ni ya nani?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mkuu hakucheka.

"Nilisema bila kuguswa, mama. Basi tena."

Mama Subiri aliinama nyuma ya ile kompyuta, akachomoa diski ndogo nyeusi yenye kamba. "Hii ni ya nani?"

Mkuu akapapasa mfuko wa koti. Akapapasa wa pili. Rangi ikamtoka. Ilikuwa tasnifu yake ya udaktari, kazi ya miaka sita, aliyokuwa akiipitia wakati anatungoja.

"Unayo nakala nyingine, mkuu?" nikauliza.

Alivuta kile kigoda akakikalia.

Mama Subiri akabonyeza kitufe, na ile ya arobaini nayo ikaanza kazi. Kisha akamgeukia. "Haya, mkuu. Mapokezi nihamie lini?"

Mkuu alikuwa ameishika diski yake kwa mikono miwili.

"Subiri kwanza," akasema.

Mpaka leo shemeji anasubiri, na kigoda chake kiko palepale.